Bastola kongwe ya .38: Neno moja kwenye mtutu huamua risasi

MZEE anapofariki dunia na kuacha bastola ndogo kabatini, swali la kwanza la warithi huwa ni thamani yake, na la pili ni risasi zipi zinaiingia. Mpangilio huo una kasoro. Swali la pili likijibiwa vibaya, la kwanza hupoteza maana, na huenda mtu akapoteza na vidole vyake.

Nchi ambako maswali haya huulizwa kila siku ni Marekani, na silaha inayoulizwa sana ni bastola ndogo ya silinda, yaani ile inayozungusha risasi zake nyuma ya mtutu. Maarufu kati ya hizo ni Chiefs Special, iliyozinduliwa na kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1950 katika mkutano wa wakuu wa polisi mjini Colorado Springs. Jina lake lilitokana na wakuu hao.

Silinda yake ina matundu 5 badala ya 6 yaliyozoeleka, na mtutu wake mfupi una urefu wa karibu inchi 2. Kwa umbo hilo ilikaa vizuri chini ya koti la kachero. Mwaka 1957, kampuni ilipoanza kuzipa bastola zake namba, ikaitwa Model 36.

Lakini kampuni hiyo ilikuwa na bastola nyingine ndogo tangu mwaka 1936, iliyoitwa Terrier. Nayo ilibeba risasi 5, nayo ilikuwa ya .38. Tatizo ni kwamba .38 hiyo si .38 ya Chiefs Special.

Terrier hutumia risasi iitwayo .38 S&W, iliyobuniwa katika miaka ya 1870. Ganda lake ni fupi na nene, urefu wa milimita 19.7. Chiefs Special hutumia .38 Special, ambayo ganda lake ni jembamba kidogo lakini lina urefu wa milimita 29.3 na hubeba nguvu kubwa zaidi. Kwa kawaida ya moja haikai katika tundu la nyingine. Majina ya biashara ya risasi hayamhurumii mgeni: kampuni ya Colt, isiyotaka kuandika jina la mshindani wake kwenye silaha zake, iliiita risasi ileile ya .38 S&W kwa jina la .38 Colt New Police.

Msomaji mwenye bastola ya aina hiyo na aangalie ubavu wa mtutu. Ikiwa imeandikwa "38 S&W CTG", ni ile fupi. Ikiwa imeandikwa "38 S&W SPECIAL CTG", ni ile ndefu. Tofauti ni neno moja tu.

Hata hivyo, maandishi nayo huweza kudanganya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Smith & Wesson iliipelekea Uingereza na washirika wake bastola zaidi ya laki tano za umbo la wastani zilizotumia .38 fupi, kwa kuwa jeshi la Uingereza lilikuwa na risasi ya ukubwa huo kwa ajili ya bastola zake za Enfield na Webley. Silaha za ukoo huo zilitumika pia katika makoloni, Afrika Mashariki ikiwamo.

Vita vilipokwisha, wafanyabiashara walizinunua nyingi, wakachimba matundu ya silinda yawe marefu ili yapokee .38 Special, kisha wakaziuza Marekani. Sehemu ya nyuma ya tundu ilibaki pana kuliko ganda jipya. Matokeo yake ganda huvimba linapofyatuliwa, na mengine hupasuka. Hapo hakuna ushauri zaidi ya kumwona fundi wa silaha apime kila tundu.

Kwa Chiefs Special ya zamani yenye afya njema, chaguo la busara ni .38 Special ya kawaida. Kichwa cha risasi cha greni 158, karibu gramu 10, ndicho kilichotumiwa na polisi wengi kwa miongo kadhaa. Kwa mazoezi ya shabaha ipo ile ya greni 148, yenye kichwa bapa, ambayo haimtesi mpigaji wala chuma.

Ya kuepukwa ni yenye alama ya +P. Kiwango cha juu cha mgandamizo kwa .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, na kwa +P ni kikubwa zaidi. Bastola ndogo za miaka ya 1950 hazikuundwa kwa mzigo huo. Baadhi ya matoleo mepesi ya mwanzo wa miaka hiyo yalikuwa na silinda ya aluminiamu, na hizo hazifai kufyatuliwa kabisa. Mahali pake ni kwenye mkusanyiko.

Kuhusu thamani, wakusanyaji hulipia kile ambacho hakijaguswa. Rangi ya kiwandani iliyofifia ina bei kuliko rangi mpya inayong'aa, na anayeipeleka bastola ya marehemu baba yake kung'arishwa ili aiuze vizuri huwa amekwisha kupunguza fedha zake. Mpini wa awali, sanduku lake na karatasi zake huongeza bei. Historia huongeza zaidi: Colt Cobra ndogo ambayo Jack Ruby alimuua nayo Lee Harvey Oswald mwaka 1963 iliuzwa mnadani dola 220,000 mwaka 1991. Bila jina la Ruby ingekuwa bastola ya kawaida kabisa.

Sheria ya shirikisho ya Marekani huipa silaha iliyofikisha miaka 50 nafasi maalumu kwa wakusanyaji wenye leseni, na iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale. Majimbo yana masharti yake.

Kwa Tanzania, inayofuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwa Kenya pia, leseni hutolewa kwa mtu. Marehemu hamwachii mwanawe leseni pamoja na bastola. Aliyeikuta silaha kabatini asiitie mfukoni na kupanda nayo daladala kwenda kituoni. Atoe taarifa polisi kwanza, aelekezwe namna ya kuikabidhi. Na zile risasi kuukuu zilizokutwa kwenye kopo pembeni yake, zenye kutu ya kijani, zisijaribiwe uwanjani nyuma ya nyumba. Nazo zikabidhiwe.