Anagnorisisi: Utambuzi, Kujitambua na Pendo la Choyo

Katika kitabu chake kuhusu sanaa ya utungo, Aristotle analo neno moja ambalo wahakiki hawajaliacha tangu zama zake: anagnorisis. Maelezo yake ni mafupi. Ni kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua, kwa namna ambayo urafiki hugeuka uadui, au uadui ukawa urafiki. Mfano anaousifu kuliko mingine ni wa Oedipus, mfalme anayemsaka muuaji mji mzima mpaka msako unamfikisha kwake mwenyewe. Wasomaji wa Kiswahili tunamjua mfalme huyo tangu 1971, Samuel Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina Mfalme Edipode. Istilahi yenyewe, hata hivyo, haijatulia. Huyu huandika utambuzi, yule ugunduzi, mwingine ufunuo. Hapa Uvira, ambako fasihi ya sekondari husomeshwa kwa Kifaransa, mwanafunzi huipokea kama reconnaissance, neno ambalo katika Kifaransa hichohicho ni shukrani, na jeshini ni upelelezi. Anaikariri, anaiandika kwenye mtihani, anapata pointi zake, na istilahi inapita bila kumgusa.

Istilahi ya fasihi haipimwi ndani ya kamusi. Hupimwa juu ya kazi fulani, tuone kama inaubeba mzigo wake. Kazi ninayoichagua ni riwaya ya C. S. Lewis iitwayo Till We Have Faces, iliyotoka 1956, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Mpaka Tuwe na Nyuso. Naichagua kwa sababu kitabu kizima kinaelekea kwenye dakika moja ya kutambua, na kinachotambuliwa ni jambo ambalo kila mmoja wetu analo nyumbani kwake: mapendo yanayomla anayependwa.

Hadithi ambayo Lewis anaisimulia upya ni ya Afrika, ingawa wengi huihesabu kuwa ya Ulaya. Aliyeiandika kwa mara ya kwanza katika umbo tulilo nalo ni Apuleius, aliyezaliwa karne ya pili huko Madaura, mji ambao leo uko mashariki mwa Aljeria. Aliiweka katikati ya riwaya yake ya Kilatini, mdomoni mwa bibi kizee anayemliwaza msichana aliyetekwa na majambazi. Psyche ni binti mfalme mzuri kupita kiasi. Anaolewa na mume asiyeonekana, anayemjia gizani tu na kumkataza asimtazame uso. Dada zake wawili wanakuja, wanaliona jumba lake la fahari, wanaungua kwa wivu, wanamshawishi awashe taa usiku. Anawasha, mume ni mungu wa mapenzi mwenyewe, tone la mafuta ya moto linamdondokea begani, anaamka, anakwenda zake. Psyche anaachwa kutangatanga. Jina lake kwa Kigiriki ni nafsi, na ndilo lililojificha ndani ya neno letu saikolojia.

Lewis, aliyekuwa akiitafakari hadithi hii tangu ujana wake chuoni, alibadilisha jambo moja, na jambo hilo likabadilisha mengine yote. Kwa Apuleius dada wanaliona jumba. Kwa Lewis, dada mkubwa Orual halioni. Anafika bondeni akidhani Psyche amekufa, anamkuta yuko hai, amevaa matambara, uso unang'aa kwa furaha. Psyche anasema, karibu nyumbani kwangu. Orual anaona nyasi. Psyche anampa divai katika kikombe kizuri. Orual anaona maji ya mto katika viganja vya mdogo wake. Basi wivu wa mali haupo tena, maana hakuna mali ya kuonewa wivu. Kinachobaki ni kizito zaidi: kuna mtu aliyekuwa wangu, na sasa ana furaha mahali nisipoweza kuingia.

Orual si mtu mbaya. Psyche alifiwa na mama siku ya kuzaliwa, na Orual ndiye aliyemlea, akamtafutia mwanamke wa kumnyonyesha, akamfundisha, akamlinda na baba yao mkali. Yeye mwenyewe ana sura mbaya na hakuna mwanamume aliyemtazama mara mbili. Mtoto yule ndiye aliyekuwa jua lake. Sasa anarudi bondeni mara ya pili na taa, mafuta na kisu. Psyche anakataa kuvunja amri ya mume wake. Orual anakichukua kile kisu, anakipitisha katika mkono wake mwenyewe mpaka kinatokea upande wa pili, kisha anasema: usipoapa kumtazama usiku huu, nitakuua, halafu nitajiua. Psyche anaapa. Lakini anamwambia dada yake kwamba leo amemwonyesha aina ya mapendo asiyowahi kuijua, na kwamba hana hakika kama anaipenda kuliko chuki.

Taa ile msomaji wa Uvira anaweza kuielewa upesi kuliko profesa wa Oxford. Usiku usio na mbalamwezi, kutoka Kalundu au Mulongwe, ziwa linajaa taa. Zamani zilikuwa za karabai, sasa wengi wanatumia balbu za betri. Mvuvi hawashi taa ili amwone ndagala. Anaiwasha ili ndagala apande juu, afike mahali wavu ulipo. Mwezi ukiwa mpevu anakaa nyumbani, kwa kuwa nuru imetapakaa kote na samaki hawana sababu ya kuifuata ya kwake. Orual anasema taa yake ni ya ukweli: dada yangu aone ameolewa na nani. Kumbe ni taa ya ziwani. Inawashwa ili Psyche apande na arudi kwake.

Pendo hili tuliite nini? Kamusi itatuharakisha kusema ubinafsi. Mimi nalikataa hapa. Mbinafsi tunayemsema kila siku ni mtu asiyemjali mwingine, na Orual yuko tayari kufa kwa ajili ya Psyche. Neno lililo karibu zaidi limo vinywani mwa watu wa mwambao huu tangu utotoni: choyo. Mwenye choyo ana kitu chema, si kibaya. Kosa lake ni kutotaka kukiachia. Mtoto anayeficha mkate nyuma ya mgongo mwenzake anapokuja anaambiwa ana choyo, na hakuna anayesema mkate ule si mtamu au kwamba haupendi. Pendo la choyo, basi. Makanisani kwetu mapendo huhubiriwa kana kwamba yenyewe hayawezi kuoza, na wasichana wengi wa Uvira wanaitwa Mapendo. Lewis anasema yanaweza kuoza, tena yakaoza huku mwenye kupenda akilia machozi ya kweli. Miaka minne baadaye, katika kitabu chake kuhusu mapendo manne, alilieleza tena jambo hilohilo bila hadithi: hata mapenzi ya asili ya mama kwa mwana, yakiachwa yajitawale yenyewe, huwa mnyang'anyi.

Psyche akishapotea kama kwa Apuleius, Orual anakuwa malkia, anaufunika uso wake kwa utaji, anatawala vizuri miaka mingi, na uzeeni anaandika kitabu cha kuishtaki miungu. Mliniibia mdogo wangu, anasema. Sehemu ya kwanza ya riwaya, sura 21, ndiyo hati yenyewe ya mashtaka, na imeandikwa kwa nguvu kiasi kwamba msomaji anamkubalia. Mimi nilimkubalia. Kisha inafuata sehemu ya pili, fupi, sura nne tu.

Bardia, mkuu wa askari wake, amefariki, na malkia anakwenda kumpa pole mjane, Ansit. Matanga haya ni mahali pa kusomwa polepole. Ansit anamwambia kwamba mumewe hakuuawa na ugonjwa. Aliuawa na kazi ya malkia. Asubuhi mpaka usiku barazani, vitani, safarini, na yeye mke alikuwa akipewa mabaki ya mtu. Orual anafunua utaji. Ansit anauona uso ule umelowa machozi, na anaelewa kwamba malkia naye alimpenda Bardia miaka yote bila kusema. Wanakumbatiana, wanawake wawili wanaomlilia mtu mmoja. Punde chuki inarudi, na Ansit anasema neno ambalo Orual hataweza kulitema: kwamba mapendo yake hula watu. Bardia alikuwa akicheleweshwa jioni kwa kazi zisizokuwapo, ili tu sauti yake iendelee kusikika chumbani. Orual anajua ni kweli. Alikuwa akizibuni kazi hizo mwenyewe.

Hapo bado hajafika. Anafika pale anapoitwa mbele ya baraza la wafu, katika maono, asome mashtaka yake kwa sauti. Gombo mkononi mwake si kile kitabu kikubwa alichokiandika. Ni karatasi ndogo chafu, imechakaa. Anasoma, anamaliza, anaanza tena, anarudia na kurudia mpaka hakimu anamzuia. Yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga. Yalikuwa haya: alikuwa wangu, afadhali mngemla kuliko kumfanya apende kitu kingine zaidi yangu. Kimya. Anaulizwa kama amejibiwa. Anasema ndiyo. Hakuna aliyemjibu, aliisikia sauti yake tu.

Kigiriki kina siri inayofaa hapa. Anagnorisis ina undugu na kitenzi anagignosko, na kitenzi hicho kina maana mbili: kutambua tena, na kusoma kwa sauti. Lewis, aliyekisoma Kigiriki tangu ujana, aliziunganisha maana zote mbili katika tukio moja. Sasa turudi kwenye maneno yetu.

Ugunduzi haufai. Mgunduzi hupata kipya, na Orual hakupata kipya. Siku ile bondeni, alfajiri ya ukungu, alipoinama mtoni kunywa maji, aliinua macho akaliona jumba la Psyche kwa nukta chache, kisha likatoweka. Aliliona, na akamficha hata mshauri wake wa karibu. Alichokuja kukijua uzeeni alikuwa nacho siku zote.

Ufunuo una mvuto wake, kwa kuwa kufunua ni kuondoa kifuniko, na riwaya hii imejaa utaji. Lakini kwetu Ufunuo ni kitabu cha mwisho cha Biblia. Aliyefunuliwa hupewa kutoka nje. Orual hakupewa. Alisoma mwenyewe.

Utambuzi ni neno pana na zuri. Limo ndani ya kitambulisho, na hapa Kongo, ambako kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia, kila mtu anajua maana ya kutambuliwa kwa kipande cha kadi. Hii inalingana na aina ya kwanza ya Aristotle, ile anayoiona duni: kutambua kwa alama, kama yaya wa Odysseus alivyomjua bwana wake kwa kovu la mguuni. Kwa hiyo utambuzi ubaki kuwa istilahi ya jumla. Unatosha kwa kovu, kwa pete, kwa ndugu waliopotezana.

Kwa Oedipus na Orual hautoshi mpaka uongezewe silabi moja: kujitambua. Hiyo -ji- ndiyo inayogeuza msako. Vijana wa leo hulitumia neno kumsifu mwenye msimamo, kijana anayejitambua. Na hospitalini hutumika kwa kinyume chake, mgonjwa aliyeletwa hajitambui. Matumizi hayo mawili hayaliharibu. Yanalisaidia, maana Orual alitawala miaka mingi akiwa kijana anayejitambua machoni pa watu na mgonjwa asiyejitambua ndani yake.

Na mtu asidhani hili ni la wazungu na Wagiriki. Mwaka uleule wa 1956 riwaya ilipotoka, kaskazini mwetu, kwa Wanyanga wa Walikale, msimulizi Candi Rureke alikuwa akiusimulia utenzi wa Mwindo, ukaandikwa, na 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga kama Rureke, wakauchapisha. Mtemi Shemwindo aliwapiga marufuku wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Binti huleta mahari. Mwana huja kukitaka kiti. Mwindo alipozaliwa, baba alimrushia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Baada ya vita na safari ya kuzimu, baba anarudishwa Tubondo na kusimama mbele ya mkutano wote wa watu, na hapo anakiri kwa kinywa chake alichotenda. Hakuna ushahidi mpya unaoletwa. Watu wote waliyajua. Kilichokosekana ni yeye kuyasema akijisikia. Na mwana naye zamu yake inakuja: kwa majivuno anamuua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, radi, na Nkuba anampandisha mbinguni, akateswe kwa baridi, mvua na jua mwaka mzima. Anashuka akiwa mtu mwingine, anawapa watu sheria za kuishi.

Nasisitiza mambo mawili kwa walimu wa fasihi wa Uvira, Baraka na Fizi, pamoja na wale wanaoandaliwa katika chuo cha ualimu, ISP Uvira. Kwenye daftari la istilahi andikeni: anagnorisisi, utambuzi, na chini yake, kujitambua, pale anayetambuliwa ni mtambuzi mwenyewe. Kisha anzeni na Shemwindo kabla ya Oedipus, mkiuliza darasa kwa Kiswahili: huyu alijitambua wapi, na alikuwa akisema maneno gani wakati huo? Mwanafunzi akiweza kuonyesha mstari kwa kidole, istilahi ameshaipata, na Kifaransa cha mtihani hakitamsumbua.