Kwao Ni Wapi? Somo la Wapolandi wa Tengeru

Leo mlima umejitoa wote, Kibo mpaka Mawenzi, na mimi nina jambo linalonisumbua tangu wiki iliyopita. Naomba mnivumilie, ni la historia kidogo.

Huku kwetu mtu akikuuliza "kwenu ni wapi?" hataki kujua umepanga chumba Majengo au Pasua. Anauliza kihamba chenu kiko wapi: Rombo, Marangu, Kibosho au Machame? Kihambani ndiko iliko migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Ndiyo maana Mchagga akifia Dar es Salaam ukoo unachangishana kumrudisha, na kila Desemba mabasi yanajaa. Shikeni hilo neno kihamba, tutalihitaji huko mbele.

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, kabla hujaingia mjini unapita Tengeru, chini ya mlima Meru. Wengi tunaijua kwa soko lake. Lakini ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi karibu 150 yenye majina yanayoshinda ulimi wa Mswahili. Ni ya Wapolandi. Ndiyo, wakimbizi wa Kizungu, hapa hapa Tanganyika!

Walifikaje? Septemba 1939 Poland ilivamiwa na Wajerumani kutoka magharibi na majeshi ya Kisovieti kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 familia za upande wa mashariki, wakulima wengi wakiwemo, zilipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoigeukia Urusi mwaka 1941, Stalin akakubali kuwaachia. Mwaka 1942 wakavuka kuingia Iran. Wanaume wenye nguvu walichukuliwa jeshini, na wengi wao walipigana Italia. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa hifadhi, na kati ya 18,000 na 20,000 wakaletwa Afrika: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala na Kondoa hapa kwetu, na wengine Rhodesia. Kambi ya Tengeru ndiyo ilikuwa kubwa, ikafikia watu karibu 5,000. Waliishi kwenye vibanda vya mviringo vya kuezekwa kwa nyasi, wakajenga kanisa na shule, wakalima.

Sasa tufike kwenye hoja yenyewe. Vita viliisha mwaka 1945. Kwa hesabu ya ofisini jambo lilikuwa jepesi: vita vimekwisha, Poland ipo, Wapolandi warudi kwao. Lakini kule Yalta, Februari 1945, wakubwa watatu walikuwa wameshakubaliana kwamba mashariki ya Poland iwe chini ya Urusi. Yaani kijiji alichozaliwa yule mama wa Tengeru hakikuwa tena Poland. Shamba lake lilikuwa mikononi mwa dola ile ile iliyompakia kwenye behewa, na Poland iliyobaki ilikuwa inaingia katika utawala wa kikomunisti. Arudi wapi?

Ukimwangalia kwa karatasi, yule mama ni mkaidi anayekataa kwao. Ukimwangalia kwa macho ya Mchagga unamwelewa mara moja: kihamba chake kimechukuliwa. Kumpa nyumba mahali pengine ndani ya nchi yenye jina lile lile hakukuwa kumrudisha nyumbani.

Wachache walirudi Poland. Wengi walikwenda Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1947 iliwapa askari wa Kipolandi na familia zao nafasi ya kuishi, na wengine Canada na Australia. Mwaka 1949 watoto yatima zaidi ya 100 kutoka Tengeru walipelekwa Canada kupitia Italia, na serikali ya Poland ikalalamika kwamba watoto wake wameibwa. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Msidhani hayo ni ya Wazungu tu. Jirani zetu wa mkoa wa Tanga wanayo ya kwao. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi pwani ya Somalia. Waliotoroka wakaweka makazi bonde la mto Juba, wakalima, na baadhi wakatunza Kizigua chao kwa vizazi. Vita vya 1991 vikawakimbiza. Waliofika Tanzania walipewa ardhi Chogo, Handeni, kwenye nchi ya mababu zao, na baadaye njia ya kupata uraia. Hapo historia yao ilisikilizwa. Wenzao karibu 12,000 waliokubaliwa Marekani walianza kuwasili kwa wingi miaka ya 2003 na 2004. Kwenye karatasi wote ni Wasomali, lakini wengi wao huzungumza Kimaay, na mkalimani wa Kisomali cha kawaida hakuwatosha. Mgonjwa yuko mbele ya daktari, mkalimani yupo, na bado hawaelewani!

Nakiri kosa langu. Mimi mwenyewe nimeshaandika habari za wakimbizi kwa aya sita: idadi, mahindi, mahema, tarehe ya kurejeshwa. Sikumuuliza hata mmoja kwao ni wapi, nani amezikwa huko na nani anaishi sasa kwenye shamba lake. Na kule Nyarugusu, Kasulu, wapo Wakongo waliozaliwa kambini ambao hicho tunachokiita kwao hawajawahi kukiona.

Siku nikipangiwa tena habari hiyo, swali hilo litatangulia lile la idadi. Mhariri akilikata, basi nitaliweka hapa.

Naomba kutoa hoja.