Kikata umeme cha volti ya chini

Kikata umeme cha volti ya chini ni swichi ya kujiendesha inayotenganisha betri na vifaa vinavyoitumia pindi volti inaposhuka hadi kiwango kilichowekwa. Hupatikana katika mifumo ya umeme wa DC, kuanzia sola za nyumbani hadi minara ya simu.

Betri ya risasi na asidi ikitumiwa hadi kuisha kabisa, salfeti ya risasi hujijenga kwenye bamba zake. Ikiachwa hivyo kwa siku kadhaa, fuwele hukomaa na betri haipokei tena chaji kama awali. Taa kuzimika mapema ni kero, ila ni nafuu kuliko kununua betri mpya.

Kwa betri ya volti 12, kidhibiti chaji hukata karibu na volti 11.5 na kurudisha umeme karibu na 12.6. Pengo hilo ni la makusudi: mzigo ukiondolewa, volti hupanda yenyewe, na bila pengo swichi ingekata na kuunga mfululizo.

Kwenye mnara wenye seli 24 za volti 2, betri hutengwa aghalabu kati ya volti 42 na 44. Mara nyingi redio zinazokula umeme mwingi huzimwa mapema zaidi, ili mitambo inayopitisha mawasiliano ya minara mingine iendelee.

Inveta huungwa moja kwa moja kwenye betri, hivyo huikwepa kinga ya kidhibiti. Nyingi ndogo hujizima karibu na volti 10.5, kiwango cha chini mno kwa afya ya betri.