Bwawa la Ndakaini na Deni la Maji

Kila mwaka twaona vema kuweka katika taarifa hii habari moja ya kale. Mara hii twaandika juu ya maji, kwa kuwa anywaye hupesi kusahau yalikotoka.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, palikuwa pahali padogo. Mji ulipokua, maji yaliletwa kwa mabomba kutoka chemchemi za Kikuyu. Zilipozidiwa, likajengwa bwawa la Ruiru, kisha la Sasumua huko Kinangop, lililomalizika mwaka 1956. Hayo nayo hayakutosha. Ndipo likajengwa bwawa la Thika, ambalo watu huliita Ndakaini, katika Gatanga, Murang'a. Lilimalizika mwaka 1994, nalo laweza kuweka mita za ujazo milioni 70.

Mito mitatu hulijaza, Thika, Githika na Kayuyu, yote ikishuka kutoka msitu wa Nyandarua. Maji yake husafishwa Ng'ethu, kisha huteremshwa mpaka Gigiri, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka huko. Ndege wa majini wamepata makao, na wageni huja kutembea na kutazama vilima vya chai. Mwaka 2004 zilianzishwa mbio za kilomita 21 kulizunguka bwawa, ili zipatikane fedha za kupanda miti.

Lakini bonde hilo halikuwa tupu. Jamaa nyingi ziliacha mashamba na makaburi ya wazee wao ili mji upate kunywa. Na baadhi ya wakazi wa kando wamenung'unika miaka mingi kwamba maji huenda mjini, wao wakibaki kuyatazama. Nung'uniko hilo ni la haki.

Tena wao ndio walinzi wa bwawa. Shamba lisilo na matuta humwaga udongo mtoni, na udongo hujaza bwawa. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa kuwasaidia wakulima wa Tana ya juu kuchimba matuta na kupanda nyasi. Ukame wa mwaka 2017 ulionyesha maana ya kazi hiyo: bwawa lilipungua sana, na mji ukagawiwa maji kwa zamu.

Basi yatupasa sisi tukaao mjini, tufunguapo bomba, tujue kwamba tunakunywa kwa mkopo. Kuyatumia maji kwa kiasi, na kudai kwamba jirani wa bwawa naye apate bomba lake, ndiko kuanza kulipa.