Usiku Ambao M-Pesa Ilihama, na Swali la Kinyozi Wangu

Tarehe 22 Septemba 2025 M-Pesa ilifungwa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo kinyozi wangu hapa Suneka aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. "Wewe si ni mtu wa makompyuta? Hawa watu wana pesa zote hizo, mbona wasihamishe hiyo mtambo ikiwa inatembea?" Nikamwambia ni ngumu, nikalipa, nikaenda zangu. Hilo ni jibu la mtu ambaye hajui. Nimekaa nalo tangu hapo, na leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake kuna historia ambayo wengi wetu tuliipita tukiwa watoto bila kuiona.

Kwanza, kinyozi ako sawa. Mashine inaweza kuhama ikiwa inatembea. Si hadithi.

Unahitaji kitu kinaitwa mashine pepe. Unachukua kompyuta moja ya chuma, unaweka programu ndani yake inayoigawa iwe kama kompyuta kadhaa, na kila moja inajiona iko peke yake duniani. IBM walikuwa wanafanya hivyo kwa makompyuta yao makubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka wa 1972 wakatangaza VM/370. Kwa kompyuta za kawaida mambo yalichelewa mpaka VMware ilipoanzishwa Marekani mwaka wa 1998. Halafu Januari 2007 kampuni ndogo ya Ujerumani, Innotek, ikaachilia VirtualBox, na hiyo ndiyo wengi wetu tumeanza nayo kwa sababu ni ya bure.

Mimi niliiweka kwenye laptopu ya mtumba yenye memori ya gigabaiti 4, nikiwa bado chuo. Kilichonishangaza ni kitufe kimoja: unapofunga, inakuuliza kama unataka kuhifadhi hali ya mashine. Ukikubali, kila kitu kilichokuwa kwenye memori kinaandikwa kwenye diski, mpaka herufi uliyokuwa hujamaliza kuandika. Huku kwetu stima inaenda bila kuaga, kwa hivyo nilikipenda sana hicho kitufe. Betri ikifika asilimia kumi, nahifadhi, nalala. Stima ikirudi kesho yake, nairudisha, na ile mashine inaendelea na sentensi kama mtu aliyekatizwa na chafya. Ila saa yake wakati mwingine inaamka ikisema bado ni jana. Shika hiyo ya saa, tutairudia.

Hapo tumehifadhi na kurudisha tu. Kuhama ukiwa unatembea ni mchezo mwingine, na mfano mzuri nimeupata kwa daftari la wakala wa M-Pesa. Wenye umri wangu mnalikumbuka: lile buku refu la karatasi ambalo ulikuwa unaandika namba ya kitambulisho, kiasi, halafu unaweka sahihi.

Sasa sema wakala anataka kuhamia duka la ng'ambo ya barabara, upande wa magari ya Rongo, na hataki kufukuza mteja hata mmoja. Anamweka kijana anakili daftari lote, ukurasa baada ya ukurasa, kwenye daftari jipya lililo ng'ambo. Wakati kijana ananakili, wateja bado wanaandika kwenye lile la zamani. Akimaliza, kuna kurasa zimebadilika nyuma yake, na hizo wenye fani wanaziita kurasa chafu. Anarudi anazinakili hizo tu. Kwa vile sasa ni chache, anamaliza haraka, kwa hivyo zilizochafuka safari hii ni chache zaidi. Raundi ya tatu, ya nne. Mwishowe imebaki mistari miwili, na hapo wakala anamwambia mteja aliye mbele yake, "Ngoja kidogo tu." Mistari miwili inanakiliwa, duka la zamani linafungwa, la ng'ambo linafunguliwa, na mtu amesimama pale barabarani anaelekeza watu upande mpya. Yule mteja amengoja muda wa kupiga miayo.

Kompyuta inafanya hivyohivyo. Memori yake imegawanywa kwa kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 4 kila moja, na programu inayosimamia mashine pepe inaweka alama kila ukurasa unapoandikwa upya. Anayeelekeza watu ni ujumbe mdogo unaotumwa kwenye mtandao kusema kwamba anwani hii sasa inapatikana kwenye chuma kile kingine.

VMware walikuwa na kitu hiki sokoni tangu 2003, na miongoni mwa walioandika waziwazi jinsi kinavyofanya kazi ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao wa Copenhagen, mwaka wa 2005, wakitumia mfumo wa Xen. Na jinsi walivyothibitisha mimi naipenda mpaka leo: walichukua seva ya gemu ya Quake 3, watu wakiwa ndani wanapigana risasi, wakaihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine. Ilisimama kwa milisekunde 60. Kufumba jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Kuna siku mbinu hii inagoma. Rudi kwa daftari: ikiwa ni siku ya soko na wateja wanaandika haraka kuliko kijana anavyonakili, kurasa chafu hazipungui hata afanye raundi mia. Basi una njia mbili. Unaweza kuwapunguza wateja mwendo kwa makusudi, yaani unaibana mashine ili ifanye kazi polepole. Au unahama kwanza ukiwa na kurasa chache, na kila ukihitaji ukurasa ulioachwa unatuma mtu akauchukue. Hii ya pili ni ya haraka lakini inaogopesha, kwa sababu barabara ikifungwa katikati, nusu ya daftari iko huku na nusu iko kule, na hakuna duka hata moja lenye ukweli wote.

Sasa tuje kwa M-Pesa yenyewe.

Ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Mwezi mmoja tu kabla, Februari 2007, Linux ilikuwa imetoka na KVM ndani yake kwa mara ya kwanza, ile teknolojia ambayo sehemu kubwa ya mashine pepe za mawinguni inasimama juu yake leo. Vitu viwili vilizaliwa karibu siku moja na havikujuana. Mfumo wa M-Pesa ulikuwa wa Vodafone na ulikaa Ulaya. Na Kenya ya 2007 haikuwa na kebo hata moja ya faiba baharini: SEACOM na TEAMS zilikuja 2009. Mawasiliano yetu na nje yalikuwa yanapitia setilaiti. Fikiria hiyo picha. Mtu yuko Suneka, anamtumia dada yake aliye Keroka shilingi mia mbili, na kabla ya dada kuona ujumbe, habari ya hizo mia mbili imetoka Afrika ikarudi. Kilomita arobaini hivi za Kisii zilikuwa zinapitia Ulaya.

Faiba ilipofika haikumaliza shida yote. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na Mombasa ikakata TEAMS, wakati kebo nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Nchi ambayo imeweka mshahara, karo na nauli kwenye simu haifai kutegemea nahodha wa meli.

Kwa hivyo wikendi moja ya Aprili 2015, usiku, Safaricom waliifunga huduma na kuhamisha M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka tu watu wazima wakiambiana watoe pesa mapema, kama watu wanaoteka maji kabla mfereji haujakauka.

Hapa ndipo swali la kinyozi linakuwa kali. Mwezi mmoja kabla, Machi 2015, Google walikuwa wameeleza hadharani kwamba wanahamisha mashine za wateja wao zikiwa zinakimbia, ili warekebishe mitambo bila kumsumbua mtu. Mwezi huohuo VMware wakatoa vSphere 6 yenye uwezo wa kuhamisha mashine kwa masafa marefu. Teknolojia ilikuwepo. Mbona sisi tulifungiwa?

Umbali ni sababu, lakini si ile kubwa. Mwanga ndani ya faiba unasafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukua Nairobi mpaka Frankfurt kwa mfano: hata kebo ingenyooka kama rula, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 60. Yaani muda wote ambao ile seva ya Quake ilisimama unaishia kwenye salamu moja tu. Na Quake ilikuwa ndani ya mtandao mmoja, na diski yake ilikuwa inafikiwa na mashine zote mbili, kwa hivyo diski haikuhama kabisa. Kilichohama ni memori.

Sababu kubwa ni kwamba M-Pesa ya Aprili 2015 haikuwa mashine ileile ikibadilisha nyumba. Ilitoka kwa mfumo wa zamani ikaingia kwa mfumo mwingine, ule uliotengenezwa na Huawei na kuitwa G2. Kuhamisha ikiwa inatembea kunanakili kila kitu kama kilivyo, mpaka makosa yake. Hakutafsiri. Ukirudi kwa wakala wetu, safari hii daftari jipya lina safu tofauti, limeandikwa kwa lugha nyingine, na kila akaunti lazima ifasiriwe, ijumlishwe, ilinganishwe, mpaka jumla ya huku iwe sawa na jumla ya kule kwa senti. Huwezi kufanya hesabu hiyo huku watu wanaendelea kuandika.

Pia kuna ile saa yangu iliyoamka jana. Kwa laptopu yangu ni kichekesho. Kwa pesa ni balaa. Tuseme umehifadhi hali ya mfumo saa nane mchana. Saa tisa nimekutumia elfu moja, ukaenda kwa wakala ukatoa noti. Saa kumi mfumo unaanguka na mtu anairudisha ile hali ya saa nane. Sasa simu yangu inasema elfu yangu iko, na wewe uko na noti mfukoni. Pesa imezaliwa kutoka hewani, na wakala ndiye ameumia. Ndiyo maana mifumo ya pesa haiegemei picha ya mashine peke yake. Inaandika kila muamala kwenye kumbukumbu isiyofutwa, na nakala inatumwa kwenye mtambo wa pili papo hapo, ili ukianguka mmoja, mwingine unaendelea kutoka mstari wa mwisho.

Kwa hivyo naitetea ile funga ya 2015. Ilikuwa uamuzi wa watu wenye akili. Na pia sitaki tuipambe kupita kiasi: chuma kilikuja Kenya 2015, lakini jina M-Pesa na haki za mfumo viliendelea kuwa vya Vodafone mpaka Aprili 2020, wakati Safaricom na Vodacom walipovinunua pamoja. Tulipokea daftari miaka mitano kabla ya hatimiliki.

Ya 2025 ndiyo imenifikirisha zaidi. Tena ilikuwa mfumo mpya, unaoitwa Fintech 2.0, na Safaricom walisema unabeba miamala 6,000 kwa sekunde na unaweza kupanuliwa hadi 12,000. Tena ilifungwa usiku, na tena watu walitangaziwa mapema, hiyo ni haki yao kusifiwa. Lakini angalia tofauti. Aprili 2015 mtu aliyefungiwa M-Pesa usiku bado alikuwa na noti mfukoni. Miaka kumi baadaye, mtu wa boda anayengoja basi la Nairobi saa tisa usiku hana chenji kwa sababu hakuna anayemlipa kwa noti. Mgonjwa anafikishwa hospitali kubwa ya Kisii usiku na pesa za familia zote ziko kwenye simu nne tofauti. Saa tano za 2025 ni ndefu kuliko saa za 2015. Wahandisi wanapanga kuhama usiku kwa sababu miamala ni michache, na kwenye grafu ni kweli. Lakini wale wachache wa usiku si wateja wa kawaida waliopungua. Ni watu walio na shida usiku.

Benki za zamani zilikuwa na ujanja kwa hili, na hauhitaji mashine pepe: muda mkuu umefungwa, unaruhusu kiasi kidogo kupita kwa deni, unaandika kando, unalipana asubuhi. Mhandisi ataniambia huo ni mlango wa wezi. Sawa, weka shilingi mia tano kwa mtu, uone wezi watatajirika namna gani kwa saa tano.

Nilirudi kwa kinyozi wiki iliyofuata na hii habari yote. Alisikiliza mpaka nikafika kwa daftari na barabara ya Rongo, akazima mashine ya kunyolea. Akaniuliza, "Na yule kijana anayenakili, akikosea mstari mmoja, nani anajua?" Nikamwambia pande zote mbili zinajumlishwa, jumla zikikataana hawafungui. Akasema basi heri wafunge, akawasha mashine, akaendelea na upande wa kushoto.