Fundi wa gereji akiharibu kazi: hatua za kuchukua

Msikilizaji wetu mmoja anayebeba kabichi kutoka Nyandira alitupigia simu akiwa bado anatetemeka. Pikapu yake ilikuwa imetoka gereji mjini Morogoro siku mbili kabla, breki za nyuma zimetengenezwa na fundi amelipwa. Alipoanza kuteremka na mzigo kuelekea Sangasanga, alikanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Kilichomwokoa ni gia ndogo na kingo ya udongo. Swali lake lilikuwa fupi: namdai vipi fundi huyu wakati karatasi sina?

Simu za namna hii ni nyingi, na nyingi zaidi ni za bodaboda. Tumeona tuandike majibu ili uyasome hata kwenye simu.

Kwanza, chombo kisitembee. Kama tatizo ni breki au usukani, usijaribu kukirudisha gereji "polepole polepole". Mpigie fundi aje kilipo. Breki ikizama baada ya matengenezo, mara nyingi hewa imebaki kwenye mfumo au mafuta ya breki yanavuja. Ukipampu mara mbili tatu pedali ikapanda, shuku hewa. Ukiikanyaga na kuishikilia ikawa inashuka taratibu, huenda mafuta yanavuja, nje au ndani ya silinda ya breki. Mweleze fundi dalili hizo, asije akakuuzia spea usiyoihitaji.

Wengi wanajikwaa kwa fundi wa pili. Kwa hasira unamwita mwingine, anafungua, anabadilisha. Ukirudi kwa wa kwanza anakuambia aliyefungua ndiye aliyeharibu, na huna la kumjibu. Mpe wa kwanza nafasi ya kuona na kurekebisha. Piga picha na video kabla hakijaguswa. Akikataa kuja, fundi wa pili akague mbele ya shahidi, aandike alichokiona, aweke jina, tarehe na saini, ndipo afungue.

Kukosa karatasi hakumalizi haki yako. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inataka huduma anayopewa mlaji ifanywe kwa uangalifu na ujuzi. Ujumbe wa malipo kwa simu na meseji mlizoandikiana ni ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani, kwa hiyo usizifute. Sisi tungeongeza jambo moja: baada ya kupatana, mtumie fundi meseji ukitaja kazi, bei na siku ya kumaliza. Akijibu "sawa", tayari una karatasi yako.

Kama spea ulinunua mwenyewe, fundi anabanwa kwa kazi ya mikono yake, na ubovu wa spea unaulizwa dukani. Ndiyo maana risiti ya duka ni muhimu. Tuseme ukweli, wateja nasi tunachangia: tunambana fundi kwa bei, tunamletea spea ya bei ya chini kuliko zote, kisha tunashangaa.

Gari likiwa bado gereji na hamjaelewana malipo, usiende na vijana kulichukua kwa nguvu. Fundi ana haki ya kulizuia hadi alipwe kwa kazi aliyoifanya kama mlivyopatana. Andikishaneni kiasi mnachokubaliana na kile mnachobishania.

Mkishindwana, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata ilipo gereji, awasuluhishe. Ikishindikana, nenda Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na shughuli zake ni kwa Kiswahili. Polisi ni pale spea yako imeibwa au mtu ameumia. Kazi mbovu peke yake ni madai, si jinai.

Unaweza kudai gharama ya kurekebisha na ya kulivuta gari. Mzigo uliooza ni mgumu zaidi, maana utaulizwa kama fundi alijua gari ni la kubebea mboga. Mwambie mapema, ikiwezekana kwenye ile meseji.

Siku ya kulichukua, omba spea za zamani uzione. Kisha lijaribuni pamoja, kwanza kwenye tambarare, halafu kwenye kilima kidogo, kabla hujamalizia malipo.

Msikilizaji wetu alikuwa na ujumbe wa malipo na dereva mwenzake kama shahidi. Fundi alipanda hadi pale kwa bodaboda, akakuta nati ya paipu ya breki haikukazwa. Aliikaza, akatoa hewa, akaongeza mafuta ya breki bila kudai hela. Kabichi alikataa kulipa, na mwenye gari akaamua kutofika mahakamani.