Kutoka Bure hadi Mkopo: Njia ya Mtoto wa Kwala Kwenda Chuo Kikuu



Kila mwaka vijana wetu wanapomaliza kidato cha sita, swali majumbani ni moja: pesa ya chuo itatoka wapi? Wapo wanaojijibu "haiwezekani" kabla hawajaomba popote. Tuangalie tulikotoka, tuone kwa nini jibu hilo ni la haraka mno.

Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Jirani yetu palikuwa na Minaki, Kisarawe, shule ya wamisionari wa UMCA, na mwaka 1965 ikafunguliwa Kibaha Sekondari katika kituo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki. Kijana aliyefika chuo kikuu alisomeshwa kwa fedha za umma.

Lakini bure hiyo ilikuwa na masharti yake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma: hakuna kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Ilibidi kwanza uende JKT, ufanye kazi, kisha upate mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Taifa lililipa, lakini lilitaka kwanza kukuona ukilitumikia.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, Serikali ilitangaza sera ya kuchangia gharama, na utekelezaji ukaanza mwaka wa masomo 1992/93. Mwaka 1994 ikaanza mikopo. Kisha Bunge likapitisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo wanafunzi wengi wanaishi kwa fedha za Bodi, zile wanazoziita "bumu".

Hapo ndipo mzigo ulipohama. Zamani Serikali ilimtafuta kijana. Siku hizi kijana ndiye anayeitafuta Bodi. Asiyeomba hapewi, hata awe yatima. Na kuomba kuna kazi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, saini ya serikali ya kijiji, mwanasheria au hakimu, mdhamini, pamoja na ada ya maombi. Mara nyingi dirisha hufunguliwa kijana akiwa bado kambini JKT. Mtoto aliyezaliwa nyumbani bila kuandikishwa anaanza kuhangaikia cheti wakati wenzake wameshamaliza kujaza fomu.

Wapo pia wazazi walioogopa mkopo kwa sababu ya dini, wakihofia riba. Wajue kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa kwa tamko la Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi 2021. Deni lenyewe bado ni deni, na hulipwa kwa makato ya mshahara. Lakini mwenye shaka aulize kwanza, asimzuie mtoto kwa habari za zamani.

Nchini Marekani, jimbo la Louisiana liliona watoto wa maskini wanakosa msaada kwa sababu tu hawakuomba. Likaweka sharti, kuanzia wahitimu wa 2018: anayemaliza sekondari aombe msaada wa fedha za chuo, au mzazi atie saini kukataa. Mwaka 2024 likaamua kuliondoa sharti hilo, baada ya malalamiko kwamba familia zinalazimishwa kutoa habari zao za ndani. Sisi hatuna mamlaka ya kumlazimisha mtu, wala hatuyahitaji. Tunachoweza ni kuwekeana ahadi: kila kijana wa Kwala anayemaliza kidato cha sita aombe, na asishindwe kwa kukosa karatasi au nauli.

Tangu Julai 2022 hata kidato cha tano na cha sita hakina ada. Wakati huohuo Kwala yenyewe imebadilika. Bandari kavu ilizinduliwa Julai 31, 2025, treni za mizigo zinafika, viwanda vinajengwa. Kazi zitakuja. Swali ni kama watoto wetu watakuwa wahandisi na wahasibu humo, au watabaki kuyatazama makontena yakipita.

Kwa hiyo mchango tunaouomba mwaka huu una kazi inayoonekana: vyeti vya kuzaliwa vitafutwe mapema, tangu mtoto akiwa kidato cha tatu, ada za maombi zilipwe kwa wasio na uwezo, na wenzetu waliokwisha kupita njia hiyo wakae na vijana wajaze fomu pamoja. Asiye na fedha atoe siku moja ya muda wake.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Tuwatume watoto wetu wakaombe.